KURA YA KUSIMAMA: KANUNI ZAKE NA MATATA YAKE



Uchaguzi wa rais wa Marekani ukikaribia, redio hutaja sana jimbo la Iowa na neno "kokasi". Kokasi ni nini? Ni mkutano wa wanachama wa chama kimoja, mtaa kwa mtaa, kuonyesha wanamtaka nani apeperushe bendera ya chama chao. Jambo hili si geni kwetu. Hapa Kenya tulipiga mlolongo mwaka 1988, na vikundi vyetu vingi bado huchagua viongozi kwa kuinua mikono. Hebu tuone kanuni zake.

Ilivyokuwa Iowa

Hadi mwaka 2020, wanachama wa Democratic walikutana saa moja jioni katika mashule, makanisa na kumbi. Tuseme wamefika watu 100, na mtaa wao una nafasi 5 za wajumbe.

1. Kila mtu anasimama upande wa mgombea wake, wote wakiona. Wanahesabiwa: 40, 32, 11, 9 na 8.

2. Kundi lisilofikisha asilimia 15 linaanguka. Hapa yameanguka matatu.

3. Walioanguka wanapewa nafasi ya pili. Wanaweza kujiunga na kundi kubwa, kuungana wao kwa wao, au kwenda nyumbani. Kwa kanuni ya 2020, waliokuwa katika kundi lililofaulu hawakuruhusiwa kuhama. Hawa 28 wakikubaliana juu ya mtu mmoja, wanakuwa kundi la tatu. Wakivutana, makundi makubwa yanawabeba.

4. Wajumbe wanagawanywa. Tuseme wale 28 wameungana. Watu 40 wanapata wajumbe 2. Watu 32 wanapata 1.6, inafanywa 2. Watu 28 wanapata 1.4, inafanywa 1.

Kumbe 40 na 32 wametoka sawa! Ndiyo sababu mwaka 2020 Bernie Sanders aliungwa mkono na watu wengi zaidi, lakini Pete Buttigieg akamzidi kidogo kwa hesabu ya wajumbe. Tofauti ilitoka kwenye kanuni ya kugawa.

Wenzao wa Republican hukutana pia, lakini wao huandika jina la mgombea kwenye karatasi, kwa siri.

Mlolongo wetu

Katika uteuzi wa KANU wa Februari 1988, wapiga kura walipanga foleni nyuma ya mgombea au wakala wake. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa amekwisha kuwa mbunge, bila kura ya siri kufuata. Baraza la Makanisa, NCCK, lilikuwa limekwisha kuupinga mpango huo tangu 1986. Mtu aliyesimama hadharani aliweza kuogopa chifu, mwajiri au jirani yake. Tena watu wengi walilalamika kwamba foleni fupi zilitangazwa kushinda ndefu. Wangehesabu nini upya? Foleni ikitawanyika, ushahidi umekwenda nyumbani na watu. KANU iliuacha mlolongo mwaka 1990.

Hata Iowa waliona hatari hiyo. Mwaka 2020 kila mtu alijaza kadi na kutia sahihi, ili hesabu iweze kurudiwa. Na ilihitajika, maana programu ya simu ya kutuma matokeo ilikwama na matokeo yakachelewa siku kadhaa. Mwaka 2024 Democratic wa Iowa waliacha kumchagua mgombea wa urais kwa kusimama, wakatumia kadi za posta.

Tujiulize kikundini

Kura ya kusimama ina faida: ni rahisi, haina gharama, na watu wanazungumza kabla ya kuamua. Lakini kabla ya kuchagua mwenyekiti au mweka hazina, ulizeni haya:

• Nani hawezi kufika saa hiyo? Mama mwenye mtoto mchanga, mgonjwa, mlinzi wa usiku?

• Je, mwanachama anayedaiwa mkopo na mgombea anaweza kusimama upande mwingine bila woga?

• Matokeo yakibishaniwa, kuna kitu cha kuhesabu tena?

Jibu likiwa baya, kateni karatasi ndogo, tafuteni kopo lenye kifuniko, na asiyejua kusoma apewe alama au picha ya kila mgombea. Hesabuni mbele ya wote, na karani aandike idadi katika kitabu cha kumbukumbu. Kanuni hizo zipitishwe kabla majina ya wagombea hayajatajwa. Zikitungwa baadaye, kila mtu atavutia kwake.