Taa ya Chaji Ikiwaka Kati ya Mwanza na Shinyanga

KUTOKA Mwanza hadi Shinyanga kwa njia ya anga ni kilomita 145 hivi. Cessna ya injini moja, kwa mwendo wake wa kawaida wa kilomita 220 kwa saa, humaliza safari hiyo kwa dakika 40. Kutoka mgodi wa Geita hadi Shinyanga ni dakika 45 na ushei. Betri ya ndege hiyo nayo, ikiwa nzima na imejaa, hutegemewa kuhudumia vifaa vya lazima kwa nusu saa tu tangu altaneta ilipoacha kuchaji.

Dakika 30 haziwezi kufunika dakika 40. Kila anayerusha, anayetengeneza au anayemiliki ndege ndogo katika ukanda huu wa almasi na dhahabu anapaswa kulala na kuamka na hesabu hiyo.

Ndege ndogo si wageni hapa. Mwadui, ambako Mkanada Dk. John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, kuna uwanja wa mgodi. Mji wa Shinyanga una uwanja wake Ibadakuli. Migodi mikubwa ya dhahabu, Geita uliofunguliwa mwaka 2000 na Bulyanhulu uliofuata mwaka 2001, ina viwanja vyake, na Kahama kuna ule uliojengwa kwa ajili ya mgodi wa Buzwagi. Ndege zinazotua huko hubeba wahandisi, wataalamu wa miamba, vipuri vinavyosubiriwa kwa hamu, na mara nyingine mgonjwa ambaye barabara ingemchelewesha. Tangu mwaka 1957, Michael Wood na wenzake walipoanzisha huduma ya madaktari wanaoruka iliyokuja kuitwa Amref, Afrika Mashariki imezoea kuona ndege ndogo ikiwa ndiyo tofauti kati ya mtu kupona na kufa. Chombo cha namna hiyo hakistahili kutengenezwa kwa kubahatisha.

Injini haizimiki, na hapo ndipo penye mtego

Abiria wengi wakisikia umeme wa ndege umekatika hudhani injini itasimama. Kwa ndege nyingi ndogo za pistoni sivyo. Cheche za plagi hutoka kwenye magneto mbili zinazozungushwa na injini yenyewe, wala hazitegemei betri. Altaneta ikifa, propela inaendelea kuzunguka na sauti haibadiliki.

Utulivu huo humdanganya rubani. Taa nyekundu au ya njano ya volti ndogo imewaka, lakini ndege inaruka vizuri, hali ya hewa ni safi, na Shinyanga si mbali. Anasema moyoni: nitafika. Wakati huo betri inaliwa kimyakimya. Kwanza redio inaanza kukwaruza, halafu transponda inayomwonyesha kwa waongoza ndege inazima, kisha geji za mafuta zinaanguka. Mwisho ni flapsi. Katika Cessna nyingi flapsi hushushwa na mota ya umeme, na bila hizo ndege hutua kwa kasi zaidi na kuhitaji njia ndefu zaidi. Likitokea hilo kwenye kiwanja kifupi cha changarawe, dosari ya waya mmoja imekuwa jambo la uhai.

Saa nazo hazisubiri. Kanda ya Ziwa jua huzama karibu saa moja jioni, na viwanja vingi vidogo havina taa. Anayeondoka Mwanza saa kumi na mbili huku altaneta ikiwa mgonjwa anakimbizana na betri na giza kwa pamoja.

Somo chungu la jambo hili liliandikwa mbali, jimbo la Illinois nchini Marekani, usiku wa tarehe 11 Oktoba 1983. Ndege ya Air Illinois aina ya Hawker Siddeley 748, yenye injini mbili na jenereta mbili, iliondoka Springfield kuelekea Carbondale. Muda mfupi baada ya kuruka, jenereta ya kushoto iliharibika. Katika kuhangaika, rubani msaidizi aliitenga kimakosa ile ya kulia iliyokuwa nzima, na haikurudi tena kazini. Springfield ilikuwa bado karibu, lakini rubani mkuu aliamua kuendelea na safari kwa nguvu ya betri. Betri iliisha kabla ya safari. Ndege ilianguka karibu na mji wa Pinckneyville, na watu wote 10 waliokuwamo wakafa. Wachunguzi waliweka chanzo kwenye uamuzi ule wa kuendelea badala ya kurudi.

Ajali hiyo ina mafunzo mawili. La kwanza ni la rubani: betri ni muda wa kutafutia mahali pa kutua, si muda wa kumalizia safari. La pili linamhusu rubani na fundi pia: ukishika kifaa kabla ya kujua kipi kimekufa, unaweza kukiua kile kizima.

Rubani afanye nini

Kitabu cha kila ndege kina utaratibu wake, na huo ndio wa kufuatwa. Kwa ujumla, swichi kuu ya Cessna imegawanyika pande mbili, moja ya betri na nyingine ya altaneta. Rubani hukagua sakiti breka ya altaneta. Ikiwa imeruka, huirudisha mara moja tu. Hufuata utaratibu wa kuzima na kuwasha upya, kwa sababu mara nyingine kinga ya volti kubwa imejikata kwa msukosuko wa muda. Taa ikiwaka tena, hakuna mjadala. Huzima taa za kutulia, kipasha joto cha pito (bomba la kupimia mwendo), redio ya pili na kila kisichohitajika, huwaarifu waongoza ndege wakati sauti yake bado inasikika, kisha huelekea uwanja ulio karibu.

Katika hili ukanda wetu una bahati. Kati ya Mwanza, Geita, Kahama na Shinyanga, viwanja vya migodi vimetawanyika kiasi kwamba mara nyingi kuna mmoja ulio ndani ya robo saa. Rubani makini huweka alama zake kwenye ramani kabla ya kuwasha injini, pamoja na namba za kuwasiliana na wenyeji wa viwanja hivyo.

Pima kabla ya kufungua

Ndege ikishatua, kazi inahamia kwa fundi, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Taa ya chaji imewaka, basi betri inabadilishwa. Wiki mbili baadaye taa inawaka tena, altaneta inaagizwa. Inakuja, inafungwa, taa bado inawaka. Mwishowe inagundulika kuwa kosa lilikuwa nati ya ethi iliyolegea, kitu cha kukaza kwa spana.

Fundi anayejiheshimu huanza kwa kumsikiliza rubani. Taa iliwaka ghafla au mshale wa ampea ulikuwa ukicheza kwa siku kadhaa? Iliwaka taa za kutulia zilipowashwa? Ndege ilikuwa imetoka kuoshwa, au kufanyiwa kazi nyingine kwenye injini? Jibu la swali la mwisho limeokoa saa nyingi, maana waya uliochomolewa juzi kupisha kazi nyingine ndio wa kwanza kushukiwa leo.

Kisha huchukua mita. Mfumo wa volti 28, ulioenea kwenye Cessna tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, hutumia betri ya volti 24 yenye seli 12. Injini ikiwa imezimwa na betri imepumzika, betri iliyojaa husoma zaidi ya volti 25. Ikisoma 24 au chini, ichajiwe kwanza, kwa sababu altaneta nyingi haziamki bila umeme kidogo wa betri wa kuziamsha. Betri iliyokufa kabisa humfanya fundi mwenye haraka ailaumu altaneta isiyo na hatia.

Baada ya hapo injini huwashwa na kupandishwa mzunguko. Mita ikipanda hadi karibu volti 28, chaji ipo. Ikibaki kwenye 25 na kushuka polepole, hakuna chaji. Ikivuka 29 na kuendelea kupanda, regyuleta inayodhibiti volti imeshindwa kuzuia, na betri itachemka na kumwaga tindikali. Kipimo hicho kirudiwe huku taa za kutulia na kipasha joto cha pito vikiwa vimewashwa. Altaneta iliyopoteza dayodi moja kati ya sita huweza kuonyesha volti nzuri ikiwa haina mzigo, halafu ikazidiwa mzigo unapokuja. Rubani naye huwa ameshaisikia dayodi hiyo bila kujua: ni ule mlio mwembamba kwenye hedifoni unaopanda na kushuka pamoja na mzunguko wa injini.

Ikithibitika hakuna chaji, tatizo hukatwa nusu. Injini ikiwa imezimwa na swichi kuu ikiwa imewashwa, fundi hupima waya wa fildi, ule unaopeleka umeme wa kuiamsha altaneta, pale unapoingia kwenye altaneta. Umeme ukiwepo, mkosaji yuko mbele: kaboni zimeisha, mkanda umelegea, altaneta imeungua au waya wake mkubwa umekatika. Umeme usipokuwepo, mkosaji yuko nyuma, na fundi hurudi hatua kwa hatua: regyuleta, kinga ya volti kubwa, sakiti breka, swichi. Kwa kipimo kimoja, nusu ya washukiwa wameachiwa huru.

Swichi na breka zenye umri mkubwa zina tabia yake. Migusano yake ya ndani huchakaa na kuzuia umeme kidogo. Regyuleta inayopata taarifa kupitia migusano hiyo husoma volti ndogo kuliko ilivyo kweli, inasukuma zaidi, inashtuka, inapunguza, inasukuma tena. Mshale wa ampea unacheza kama kichwa cha mjusi. Wamiliki wengi wamenunua regyuleta mpya kwa dalili hiyo, wakati dawa ilikuwa swichi.

Ethi nayo isidharauliwe. Injini ya ndege imekalia mipira, na mpira haupitishi umeme. Umeme hurudi kupitia utepe wa waya uliosukwa unaounganisha injini na bodi. Utepe huo ukikatika au ukishika kutu, umeme mkubwa wa staata hutafuta njia nyingine, ikiwamo kebo za kuongozea injini, na kuziunguza. Vumbi la kiangazi cha Shinyanga na mtikisiko wa njia za changarawe huharakisha ulegevu wa nati na uchafu wa viungio, kwa hiyo ukaguzi wa viungio ufanywe kabla haujadaiwa na taa.

Mkanda pia una gharama yake. Kwenye injini za Lycoming za Cessna 172, mkanda wa altaneta hupita nyuma ya propela, na kuubadilisha lazima propela ishushwe. Ndiyo maana wengine huvumilia mkanda uliochoka hadi siku utakapokatika angani. Kushusha propela karakana ni kazi ya saa chache. Kukatikiwa juu ya Ghuba ya Mwanza ni jambo jingine.

Altaneta ya Ford na sahihi ya fundi

Kahama, Katoro na Geita mjini hazina uhaba wa mafundi umeme. Wanafufua altaneta za Land Cruiser, za malori na za mitambo ya wachimbaji wadogo mchana kutwa, na wengi wao wana mikono ya dhahabu. Mmoja wao akifungua altaneta ya Cessna ya zamani atakutana na kitu anachokijua, kwa kuwa baadhi ya altaneta hizo zilitokana na muundo wa Ford wa magari, kama zile za Piper zilivyotokana na Chrysler. Kishawishi ni kikubwa: kaboni zinafanana, dayodi zinafanana, na bei ya dukani haifanani hata kidogo na ya kipuri cha ndege.

Kishawishi hicho kikataliwe bila kusitasita. Kipuri cha ndege kina hati inayoonyesha kilikotoka na kwamba kimepimwa. Kazi ya ndege husainiwa kwenye kumbukumbu zake na fundi mwenye leseni inayotambuliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Sahihi hiyo inamfunga mtu mwenye jina na dhamana kwamba kazi imefanyika ipasavyo, na fundi wa zamu ya kesho anaisoma na kujua aanzie wapi. Altaneta ya dukani iliyofungwa kimyakimya haina historia, na ikishindwa hakuna atakayejua kwa nini.

Lakini ni hasara pia kuviacha vipaji vile barabarani. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kinafundisha uhandisi wa matengenezo ya ndege hapa nchini. Kijana wa Kahama anayeweza kufuata waya mmoja kutoka betri hadi altaneta bila kubahatisha ana nusu ya akili inayohitajika. Nusu iliyobaki ni darasa, nidhamu ya kuandika na leseni. Kampuni za migodi zinazorusha watu kila wiki, na halmashauri zinazopokea tozo za madini, zina sababu ya kuwalipia ada vijana wa aina hiyo. Faida itarudi kwenye viwanja vyao wenyewe, siku ndege itakapokwama Ibadakuli au Geita na fundi mwenye leseni akapatikana kwa saa moja badala ya siku mbili.

Kwa wamiliki wa ndege, ombi ni moja: msimlipe fundi kwa wingi wa vipuri alivyobadilisha, mlipeni kwa sababu aliyoipata na kuithibitisha kwa mita. Kwa marubani: taa ya chaji ikiwaka, tueni. Shinyanga itakuwapo kesho.