Makato, Punguzo na Nafuu: Kodi ya Mapato kwa Lugha Inayoeleweka Siyu

Utangulizi

Wasomi wa Kiswahili wanaijua Siyu kwa mambo mawili. La kwanza ni elimu na ufundi. Katika karne za 18 na 19, mji huu ulioko kisiwani Pate ulikuwa na wanazuoni na waandishi walionakili misahafu kwa mkono, pamoja na mafundi hodari wa ngozi, mbao na madini. La pili ni ukakamavu. Katika miaka ya 1840 watu wake walilishinda jeshi la Sayyid Said, na ni mwaka 1863 tu ambapo mji ulisalimu amri mbele ya Sayyid Majid wa Zanzibar. Kuna jambo la tatu ambalo haliandikwi sana, nalo ni kwamba watu wa Siyu wa leo ni walipa kodi wa Jamhuri ya Kenya, ilhali sheria inayowatoza imeandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria na wahasibu.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa Kiswahili namna kodi ya mapato ya mtu binafsi inavyokokotolewa na namna ritani inavyojazwa. Hoja yetu ni kwamba lugha yetu ina maneno ya kutosha kwa kazi hiyo, na kwamba mtu akiyatenganisha vyema maneno matatu, yaani makato, punguzo na nafuu, ameshafika nusu ya safari. Viwango tutakavyovitaja ni vya mwaka wa mapato 2025. Kwa kuwa sheria za fedha hubadilishwa takriban kila mwaka, msomaji ajihadhari kuvitumia kwa mwaka mwingine kabla ya kuvikagua.

Kodi na ushuru

Neno kodi lina maana mbili zinazoishi pamoja. Mpangaji humlipa mwenye nyumba kodi, na raia huilipa serikali kodi. Wakati wa ukoloni maana hizo zilikaribiana mno, kwani serikali iliwatoza Waafrika kodi ya nyumba walizozijenga wenyewe. Neno ushuru, kwa upande wake, lina asili ya Kiarabu katika neno lenye maana ya sehemu ya kumi, na katika pwani yetu lilihusishwa zaidi na forodha. Tanzania imelibakiza katika maana hiyo ya bidhaa na forodha, na taasisi yake inaitwa Mamlaka ya Mapato. Kenya imelipanua, ndiyo maana tuna Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA, iliyoanza kazi tarehe 1 Julai 1995. Katika makala haya tutatumia kodi ya mapato kwa ile inayotozwa juu ya kipato cha mtu.

Kodi ya namna hii ilianzishwa nchini Kenya mwaka 1937. Kwa miaka mingi ilisimamiwa kwa pamoja na nchi za Afrika Mashariki, hadi Kenya ilipotunga sheria yake mwaka 1973. Sheria hiyo, Sura ya 470, ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1974, na ndiyo inayotumika hadi leo pamoja na marekebisho yake mengi.

Maneno matatu yanayochanganywa

Kiingereza hutumia neno moja kwa mambo mawili tofauti, na mkanganyiko huo umehamia katika mazungumzo yetu. Kiswahili kinaweza kuyatofautisha bila taabu.

Makato ni fedha zote zinazoondolewa katika mshahara kabla haujamfikia mfanyakazi. Humo mna kodi yenyewe, michango ya uzeeni na ya afya, tozo ya nyumba, marejesho ya mkopo wa chama cha akiba, na marejesho ya mkopo wa elimu wa HELB.

Punguzo ni kiasi ambacho sheria inaruhusu kiondolewe katika mapato kabla ya kodi kukokotolewa. Si kila makato ni punguzo. Mkopo wa chama cha akiba na ule wa HELB ni makato, lakini haupunguzi hata senti moja ya mapato yanayotozwa kodi. Kinyume chake, mchango wa Bima ya Afya ya Jamii, SHIF, ambao ni asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, na tozo ya nyumba ya asilimia 1.5, ni makato na pia ni punguzo. Hali hiyo ilianza tarehe 27 Desemba 2024. Mabadiliko ya tarehe hiyo yalipandisha pia kikomo cha punguzo la michango ya uzeeni hadi shilingi 30,000 kwa mwezi, na cha riba ya mkopo wa kujenga au kununua makao ya mtu mwenyewe hadi shilingi 360,000 kwa mwaka.

Nafuu huja mwisho. Huondolewa katika kodi yenyewe baada ya hesabu kukamilika. Kila mkaazi wa Kenya ana nafuu binafsi ya shilingi 2,400 kwa mwezi, yaani 28,800 kwa mwaka. Anayelipia bima ya maisha, ya elimu au ya afya ya kibinafsi hupata pia nafuu ya asilimia 15 ya malipo hayo, isiyozidi shilingi 60,000 kwa mwaka.

Tofauti hii inagusa mfuko. Punguzo la shilingi 1,000 humwokolea mtu aliye katika daraja la asilimia 30 shilingi 300 tu, ilhali nafuu ya shilingi 1,000 humwokolea shilingi 1,000 nzima. Aidha, anayelipa bima ya shilingi 2,000 kwa mwezi asidhani kwamba kodi yake itashuka kwa 2,000, kwa kuwa nafuu yake ni 300.

Neno la nne, msamaha, linahusu mapato ambayo hayatozwi kabisa. Mtu mwenye ulemavu aliyesajiliwa na kupewa cheti cha msamaha hatozwi kodi kwa shilingi 150,000 za mwanzo za mapato yake ya mwezi. Cheti hakiji chenyewe, huombwa. Asiyeujua utaratibu huo ataendelea kukatwa kama wengine.

Mfano wa mshahara

Tumchukue karani wa kampuni ya kibinafsi, mzaliwa wa Siyu, ambaye mshahara wake ghafi wa mwezi wa Machi 2025 ulikuwa shilingi 50,000.

Kwanza tunatafuta punguzo. Mchango wake wa NSSF ni asilimia 6, yaani 3,000. SHIF ni 1,375 na tozo ya nyumba ni 750. Jumla ni 5,125. Mapato yanayotozwa kodi yanabaki 44,875.

Pili tunapita madaraja. Shilingi 24,000 za mwanzo hutozwa asilimia 10, nazo zinatoa 2,400. Shilingi 8,333 zinazofuata hutozwa asilimia 25, nazo zinatoa 2,083.25. Zilizobaki, 12,542, hutozwa asilimia 30, nazo zinatoa 3,762.60. Jumla ya kodi ni 8,245.85. Madaraja ya juu, asilimia 32.5 kwa mapato yanayozidi 500,000 kwa mwezi na asilimia 35 kwa yanayozidi 800,000, hayamhusu.

Tatu tunaondoa nafuu binafsi ya 2,400. Kodi yake ni shilingi 5,845.85, na mkononi anapata 39,029.15 ikiwa hana makato mengine.

Mfano huu unaondoa dhana iliyoenea kwamba mtu akivuka daraja, mshahara wote hutozwa kwa kiwango cha juu. Si kweli. Kila daraja hutoza sehemu yake tu, mfano wa ngazi ambayo kila kipandio hubeba mguu mmoja. Nyongeza ya mshahara haiwezi kumwacha mtu na pungufu ya alichokuwa nacho kwa sababu ya kodi ya mapato peke yake.

Fundi na mwenye nyumba

Wengi wa wakaazi wa Siyu hawana mshahara. Kuna fundi wa viatu vya ngozi, mchonga milango, mvuvi, nahodha wa mashua na mwenye duka. Kwao kodi ya mapato ni juu ya faida, si juu ya mauzo. Kanuni kuu ya sheria ni kwamba gharama hukubalika kuwa punguzo pale tu ilipotumika yote, na kwa ajili hiyo pekee, katika kuyapata mapato. Ngozi, uzi, gundi na nauli ya mashua ya kupeleka viatu sokoni Lamu ni gharama za kazi. Unga wa nyumbani na karo ya watoto si gharama za kazi, hata kama vililipwa kwa fedha za viatu.

Hapa pana ugumu halisi. Tangu tarehe 1 Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya mfumo wa eTIMS haikubaliki, ila zile zilizosamehewa. Fundi anayenunua ngozi kwa mfugaji asiye na mfumo huo anaweza kujikuta anatozwa kodi juu ya fedha ambazo hakuzipata kama faida. Marekebisho ya Desemba 2024 yalifungua mlango kidogo, kwa kumruhusu mnunuzi kuandika ankara badala ya muuzaji ambaye mauzo yake hayafiki shilingi milioni 5 kwa mwaka. Mlango huo haumfai kitu asiyeusikia.

Biashara yenye mauzo kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka huweza kutozwa kodi ya mauzo ya asilimia 3. Hii ni nyepesi kuihesabu, lakini haitambui gharama yoyote. Vivyo hivyo kodi ya pango la makaazi: anayepata pango la kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5 ya pango lote. Mwenye nyumba anayepokea 30,000 kwa mwezi atalipa 2,250, paa liwe zima au liwe limevuja. Kodi zote mbili hulipwa kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Kujaza ritani

Ritani ni tamko la mtu mwenyewe kuhusu mapato yake ya mwaka. Mwaka wa mapato huanza Januari na kwisha Desemba, na tamko huwasilishwa kufikia tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata. Hivyo ritani ya mwaka 2025 ina kikomo cha 30 Juni 2026.

Wafanyakazi wengi huuliza: ikiwa mwajiri ameshakata kodi na kuiwasilisha, ritani ni ya nini? Jibu ni kwamba mwajiri huona mshahara anaoulipa yeye tu. Haoni duka, pango, wala kazi ya pili. Mtu mwenye waajiri wawili, kila mmoja akimpa nafuu binafsi, amepewa 57,600 kwa mwaka ilhali haki yake ni 28,800. Ritani ndiyo inayolisawazisha jambo hilo. Huweza pia kumfaidi: aliyesahauliwa nafuu yake ya bima au punguzo la riba huidai humo, na aliyekatwa kupita kiasi huomba kurejeshewa.

Hatua zenyewe si nyingi. Mfanyakazi hupokea kwa mwajiri wake fomu ya P9, ambayo huonyesha mwezi baada ya mwezi mapato, punguzo, nafuu na kodi iliyokatwa. Huingia katika mfumo wa iTax kwa PIN na nywila yake, huchagua ritani ya mkaazi, huhakikisha namba ya PIN ya mwajiri na takwimu za P9, huongeza mapato mengine, kisha hulinganisha kodi inayopaswa na iliyokwisha kulipwa. Akimaliza hupewa stakabadhi, naye aihifadhi. Anayechelewa hutozwa faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi inayodaiwa, kiasi kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili.

Kosa la hatari ni kumkabidhi mtu mwingine PIN na nywila, naye kwa haraka akawasilisha ritani tupu, ile isemayo kwamba mtu hakupata kitu mwaka mzima. Kwa mwenye mshahara hilo ni tamko la uongo, na jina lililo juu yake ni lake, si la aliyebonyeza.

Ritani tupu ina wenyewe, na wengi wao ni wasomaji wa jarida hili. Mwanafunzi aliyechukua PIN ili aombe mkopo wa HELB, na ambaye hana kipato, anapaswa kuwasilisha ritani tupu kila mwaka. Akikaa miaka minne bila kufanya hivyo, faini inaweza kufika shilingi 8,000 kabla hajapata kazi ya kwanza.

Hitimisho

Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na katika kifungu cha 201 imeagiza mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Mambo haya mawili yanahusiana. Mzigo haujagawanywa kwa haki ikiwa anayejua Kiingereza cha fomu hupata punguzo, nafuu na msamaha wake wote, naye asiyekijua hulipa kwa ukamilifu na kuongezewa faini. KRA yenyewe imetuhimiza kwa Kiswahili, Tulipe Ushuru, Tujitegemee. Wito ukiwa kwa Kiswahili, maelezo nayo hayana budi kufuata.

Tunapendekeza mambo mawili kwa vyama vya Kiswahili vya vyuo vyetu. Mosi, viandae faharasa fupi ya istilahi za P9 na za ritani, itakayokubaliwa na wahasibu pamoja na wanaisimu, na iwe na mifano ya kazi za watu kama zile za Siyu. Pili, mwanachama anayerejea nyumbani kabla ya tarehe 30 Juni akae na jamaa zake, awasomee P9 zao mstari kwa mstari, na awaache wabonyeze wenyewe. Mji ambao waandishi wake walinakili vitabu herufi kwa herufi hauwezi kushindwa na fomu, maadamu fomu hiyo imesemwa kwa lugha yake.