Mtaji Ulio Mizanini

Vijana wanaosomea kompyuta katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri, huambiwa mapema kwamba programu yao haitafika mbali bila mwekezaji, na kwamba mwekezaji yuko Nairobi. Ushauri huo unawapotosha. Kuzunguka Mlima Kenya kuna wateja wenye pesa zao na shida zinazojirudia: sacco, vyama vya ushirika vya kahawa, shule za bweni, maduka ya pembejeo. Chukua kiwanda cha kahawa kule Mathira msimu unapochanganya. Mkulima anafikisha matunda mekundu, karani anayapima, anaandika kilo daftarini, anakata risiti. Tarakimu moja ikikosewa, malipo ya mwanachama yatazua ugomvi kwenye mkutano mkuu. Programu inayonasa uzito na kumtumia mkulima ujumbe papo hapo inaondoa shida ambayo kamati iko radhi kuilipia, na ada ya chama cha kwanza ndiyo itakayogharimia safari ya kwenda kwa chama cha pili.

Njia hii si ngeni huku. Equity ilianza mwaka 1984 Kangema, Murang'a, kama chama cha mikopo ya nyumba, na kufikia 1993 madeni yake yalikuwa yameshinda mali. Ilinyanyuka kwa kugeukia akiba ndogondogo za watu wa kipato cha chini, ikawa benki mwaka 2004. Helios, kampuni ya uwekezaji, ilipokuja kununua karibu robo ya hisa mwaka 2007, ilikuta kampuni inayotengeneza faida. Kinyume chake, Copia, iliyowauzia watu wa vijijini bidhaa kupitia mawakala wenye maduka, ilitangaza dola milioni 50 za wawekezaji Januari 2022. Mei 2024, mtaji mpya ulipokosekana, ikawekwa mikononi mwa wasimamizi.

Wapo watakaonitajia kampuni ya Mawingu ya Nanyuki, iliyosambaza intaneti vijijini kwa mkopo wa OPIC, lililokuwa shirika la serikali ya Marekani. Ni kweli, milingoti na mitambo haisubiri ada za wateja. Lakini anayeandika programu hajengi milingoti; gharama yake kubwa ni mishahara ya watu wawili watatu. Wengine watasema mwendo wa polepole unampa nafasi mshindani mwenye fedha. Huenda, ila chama kilichokwisha kuhamishia kumbukumbu za wanachama wake kwako hakikuachi kwa sababu ya punguzo la bei. Kwangu mimi ugumu wenyewe uko kwenye kalenda. Mavuno makuu huja kati ya Oktoba na Desemba, na malipo ya kahawa hufika miezi kadhaa baadaye. Ukidai ada kila mwezi, utakaa na ankara zisizolipwa na wafanyakazi wasio na mshahara. Mkataba na chama cha kahawa uandikwe ili ada ilipwe siku wakulima wanapolipwa, na kabla ya hapo kampuni iwe imeshapata sacco moja inayolipa kila mwezi na shule mbili tatu zinazolipa muhula unapofunguliwa.