Msokoto wa Mtutu na Uzito wa Risasi

Mtu akichungulia ndani ya mtutu wa bunduki uliosafishwa vizuri, ataona mifereji myembamba iliyochongwa katika chuma, nayo haikunyoka bali imesokotwa kama kamba. Mifereji hiyo huishika risasi na kuizungusha. Wengi hudhani kwamba risasi ikizungushwa zaidi ndivyo inavyozidi kupata shabaha. Sivyo, kila risasi ina kiasi chake.

Mtoto yeyote aliyecheza pia ajua sababu. Pia ikizunguka kwa kasi husimama wima. Kasi ikipungua huyumba, kisha huanguka. Risasi nayo hukabiliwa na hewa, na hewa hiyo hutaka kuipindua. Risasi ndefu hupinduliwa kwa urahisi kuliko fupi. Basi kwa tundu la upana ule ule, risasi nzito kwa kawaida huwa ndefu, kwa hiyo huhitaji msokoto wa karibu karibu. Kwa kweli urefu ndio unaoamua zaidi, wala si uzito.

Jambo hili lilionekana wazi mwaka 1857 huko Hythe, Uingereza, bunduki mbili ziliposhindanishwa. Ya kwanza ni Enfield ya jeshi, ambayo risasi yake ilizungushwa mara moja katika inchi 78. Ya pili ilitengenezwa na Joseph Whitworth, fundi wa mitambo wa Manchester, na msokoto wake ulikuwa mmoja katika inchi 20. Risasi zote mbili zilikuwa na uzito wa gramu 34 hivi, lakini ya Whitworth ilikuwa nyembamba na ndefu. Kwa umbali wa yadi 500, Enfield ilikosea kwa wastani wa futi 2 na robo. Whitworth, inchi 4 na nusu tu. Hata hivyo jeshi halikuwapa askari wote bunduki hiyo, maana ilikuwa ghali na mtutu wake ulichafuka upesi kwa masizi ya baruti.

Mwaka 1879 George Greenhill, mwalimu wa hesabu wa Woolwich, alitoa kanuni nyepesi. Zidisha upana wa risasi kwa upana huo huo, kisha kwa 150, ndipo ugawanye kwa urefu wake, vipimo vyote vikiwa vya inchi. Risasi yenye upana wa 0.3 na urefu wa 1.35 yataka mzunguko mmoja katika inchi 10; urefu ukiwa 0.9, inchi 15 zatosha.

Askari wa King's African Rifles waliochukua bunduki ya .303 katika vita vya 1939–1945 walikuwa na msokoto wa inchi 10, uelekeao kushoto. Risasi yake ya zamani ilikuwa ya gramu 14. Ile ya mwaka 1910 ilikuwa ya gramu 11 na kidogo. Lakini ndani ya ncha yake ilitiwa alumini, hivyo urefu haukupungua pamoja na uzito, na msokoto ule ule ukafaa.

Wamarekani nao walianza bunduki yao ya M16 kwa inchi 14. Katika hewa nzito ya baridi kali risasi ziliyumba, wakaleta inchi 12; miaka ya 1980, walipochukua risasi ndefu zaidi, wakafika inchi 7.

Kuzidisha nako kuna hasara: risasi yenye kasoro ndogo hutupwa kando zaidi, na yenye ganda jembamba yaweza kupasuka angani. Mwenye bunduki na atazame karatasi ya shabaha. Tundu la mviringo ni dalili njema. Tundu refu kama la ufunguo laonyesha kwamba risasi ilifika ubavu, nayo risasi ya namna hiyo humjeruhi mnyama bila kumwua, au humpata asiyelengwa.