Masomo ya mtandaoni yaliwaumiza vijana wa vyuo kimya kimya

Na DAKTARI WETU

MSICHANA huyo alifika kliniki yangu mtaani Eastlands, Nairobi, mara tatu kati ya Mei na Juni 2020. Shida ilikuwa ile ile kila mara: kichwa. Siku ya kwanza nilimpima presha, nikamwangalia macho, nikampa dawa za kutuliza maumivu. Siku ya pili nilimtuma apimwe damu. Hakupatikana na malaria wala upungufu wa damu.

Mara ya tatu, kalamu ikiwa tayari mkononi, nilimwuliza swali ambalo ningalipaswa kumwuliza tangu mwanzo: “Binti yangu, siku hizi unasomea wapi?”

Alinyamaza kidogo, kisha machozi yakamtoka.

Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja cha umma. Mabweni yalipofungwa alirudi kwa mamake, kwenye chumba kimoja walimoishi watu watano. Simu ya kusomea ilikuwa moja, kioo kimepasuka, na nduguye wa darasa la nane alikuwa akiisubiri. Mhadhara ulianza saa mbili asubuhi, wakati stovu inawashwa na redio ya jirani inanguruma.

“Daktari, nikizima kamera mhadhiri anadhani sipo. Nikiiwasha, darasa zima linaona kitanda cha mama na sufuria zetu,” aliniambia. “Sijawahi kuonea aibu kwetu mpaka mwaka huu.”

Nimebadilisha mambo madogo madogo ili asitambulike, lakini kisa chake hakikuwa chake peke yake. Tangu siku hiyo nilianza kuwauliza vijana wote wa vyuo waliofika kwangu swali hilo hilo. Niliyoyasikia yalinifunza mengi kuliko vipimo vya maabara.

CHUO KILIPOHAMIA NYUMBANI

Msomaji atakumbuka jinsi mambo yalivyokwenda kasi. Mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 nchini alitangazwa Machi 13, 2020. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliamuru shule zote zifungwe, na vyuo vikuu vikapewa hadi Ijumaa ya Machi 20. Kafyu ilianza Machi 27. Kuanzia Aprili 6 hakuna aliyeruhusiwa kuingia wala kutoka Nairobi, na zuio hilo lilidumu hadi mapema Julai.

Wanafunzi walifungasha virago kwa siku chache tu. Wengi waliacha vitabu mabwenini wakidhani ni likizo ya majuma mawili. Kisha vyuo vikaanza kufundisha kupitia mtandao, kimoja baada ya kingine.

Tulidhani kilichohama ni darasa pekee. Vijana walinieleza kwamba chuo kilikuwa zaidi ya darasa. Pale chuoni, mtoto wa mwenye duka kubwa na mtoto wa mama mboga huketi kwenye benchi moja, husomea maktaba moja, na hupata umeme na intaneti ile ile. Masomo yalipohamia mtandaoni, kila mmoja alirudishwa katika hali ya kwao. Mmoja alikuwa na chumba chake na tarakilishi. Mwingine alikuwa na simu ya kuazima na bando la kuhesabu.

Ndiyo maana hisia nilizozisikia zaidi hazikuwa uvivu wala chuki ya masomo. Zilikuwa aibu, upweke, na hofu ya kuachwa nyuma na wenzao.

MWILI HUSEMA KWA NIABA YA MOYO

Waswahili husema mficha maradhi kilio humfichua. Vijana hawaji kwa daktari kusema, “Nina upweke.” Huja wakisema kichwa, mgongo, tumbo, usingizi, uchovu.

Baadhi ya maumivu hayo yana sababu za kimwili. Mtu anapokodolea skrini macho hupepesa mara chache sana kuliko kawaida, kwa hiyo macho hukauka, huwasha na kuona ukungu. Anayeinamia simu iliyo mapajani huilazimisha misuli ya shingo kuubeba uzito wa kichwa kwa saa nyingi. Mwanga wa skrini usiku huuchelewesha ubongo kujua kwamba wakati wa kulala umefika. Vijana kadhaa waliniambia walipakua mihadhara usiku wa manane kwa sababu bando za usiku zilikuwa nafuu, kisha wakaamka asubuhi kwa darasa jingine.

Upo pia uchovu wa mikutano ya video yenyewe. Mwaka 2021 Profesa Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alieleza sababu zake nne. Nyuso nyingi hukutazama kwa karibu mno. Unajiona mwenyewe muda wote kana kwamba umebebewa kioo. Unakaa pahali pamoja bila kujinyoosha. Na akili hufanya kazi ya ziada kutafuta ishara ambazo ana kwa ana huonekana bila taabu. Ongeza hapo mtandao unaokatika katikati ya sentensi, na utaelewa kwa nini kijana aliyeketi siku nzima huchoka kama aliyelima.

WALIOFURAHIA PIA WAKO

Haki itendeke: si wote walioteseka. Mwanafunzi mmoja mwenye mtoto mchanga aliniambia kwamba bila masomo ya mtandaoni angaliacha chuo. Mwingine, mwenye kigugumizi, alipenda kuandika maswali yake badala ya kuyatamka mbele ya watu mia mbili. Wapo walioajiriwa ambao waliokoa nauli na kodi ya nyumba. Mihadhara iliyorekodiwa iliwafaa walioweza kuirudia.

Karibu wote hao walikuwa na kitu kimoja: pahali patulivu, hata kama ni padogo, na mtandao wa kutegemewa.

“YUKO NYUMBANI, HANA KAZI”

Katika miezi hiyo rafiki yangu wa siku nyingi alinipigia simu kutoka Siaya. Alilalamika kwamba mwanawe amekuwa mvivu. Asubuhi anapotea, anapanda kilimani na simu, anarudi jioni hataki kula wala kusema na mtu. Kazi za shamba amewaachia wadogo zake.

Nilimwomba mzee ampe simu kijana. Kumbe kilima hicho ndicho pahali pekee pa kupata mtandao. Mvua ikinyesha hakuna darasa. Alikuwa amekosa mitihani miwili midogo, na kila akirudi nyumbani anaitwa mzembe. Alikuwa hajalala vizuri kwa karibu mwezi mzima.

Mzee hakuwa mkatili. Machoni pake, mtu aliye nyumbani ana nafasi. Akina mama wengi mijini waliona vivyo hivyo, na wasichana ndio walioumia zaidi: mhadhara ukiwa sikioni, mikono iko kwenye karai la nguo.

HUZUNI INAPOGEUKA UGONJWA

Kuwa na huzuni kwa siku chache si ugonjwa. Lakini tazama dalili hizi zikidumu majuma mawili au zaidi: huzuni karibu kila siku, kutofurahia yale aliyoyapenda, usingizi kupotea au kuzidi, hamu ya chakula kubadilika, uchovu usio na sababu, kushindwa kumakinika, na kujiona hana thamani. Huo huenda ukawa unyogovu. Ni ugonjwa, na unatibika kwa mazungumzo ya ushauri na, ikihitajika, kwa dawa.

Kijana akisema maisha hayana maana au anataka kufa, usimkemee wala usimwache peke yake. Mwulize waziwazi. Kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpa nafuu ya kusema. Mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo.

LA KUFANYA

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura ya Covid-19 Mei 2023, lakini masomo ya mtandaoni hayakuondoka. Vyuo vingi vimeendelea kufundisha baadhi ya masomo kwa njia hiyo, na Agosti 2023 Kenya ilipata chuo kikuu cha umma kinachofundisha kupitia mtandao, Open University of Kenya, kilichoko Konza. Kwa hiyo ushauri huu bado una kazi.

Mwanafunzi: kila baada ya dakika 20 tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20. Inua simu au tarakilishi ifikie usawa wa macho, hata kwa kuiweka juu ya vitabu. Simama katikati ya mihadhara. Ficha picha yako mwenyewe kwenye skrini. Lala na kuamka saa zile zile. Tafuta wenzako wawili au watatu wa kusoma nao ana kwa ana kila wiki.

Mzazi: uliza ratiba ya mihadhara na uiheshimu kama vile mwanao yuko chuoni. Kona moja na saa tatu za utulivu ni msaada mkubwa hata pasipo na pesa.

Mhadhiri: usimlazimishe mtu kuwasha kamera. Rekodi somo, na uandae maandishi mepesi yasiyomaliza bando.

Yule msichana wa Eastlands alikuwa ameshaamua kuacha masomo siku aliyolia mbele yangu. Sikumwandikia dawa. Nilimwomba amweleze mamake yale aliyonieleza, na amwandikie mhadhiri wake. Mama alizungumza na jirani aliyekuwa kazini mchana kutwa, akawaachia ufunguo wa chumba chake hadi adhuhuri. Mhadhiri alimruhusu kuzima kamera. Kichwa hakikupona siku moja, lakini kilipungua wiki baada ya wiki. Alihitimu mwaka 2022, na mamake ndiye aliyeniletea habari.

Leo jioni, mwanao akikuambia kichwa kinamuuma, mpe maji, umketishe, kisha umwulize masomo yanaendeleaje. Na umsubiri ajibu.