Nyumba za Ibada na Wageni Wake (2): Mungomi wa Kolo

Juma lililopita tuliishia Bagamoyo, kwenye misheni iliyoanzishwa mwaka 1868, ambako nyumba ya zamani ya masista sasa ni makumbusho. Kisa cha pale ni chepesi: masista walihama, vitu vya kale vikaingia. Huku kwetu Dodoma mambo ni magumu zaidi, maana wenye ibada hawajahama.

Kolo iko kando ya barabara kuu ya Dodoma kwenda Babati, ukishaupita mji wa Kondoa. Katika kilima kiitwacho Mungomi wa Kolo kuna miamba iliyoinamia mbele mfano wa baraza, na kwenye kuta zake watu wa kale walichora kwa rangi nyekundu pofu, twiga, tembo, na watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu. Mwanaakiolojia Mary Leakey aliinakili michoro hiyo mwaka 1951. Mwaka 2006 UNESCO ikaitia michoro ya Kondoa katika Urithi wa Dunia.

Mgeni akisikia hivyo hudhani anakwenda kuona mabaki. Kumbe Warangi wa vijiji vya jirani bado hupanda Mungomi kuomba mvua na kuombea wagonjwa. Huchinja mbuzi, hunyunyiza pombe ya mtama, na pombe hiyo wakati mwingine huirukia michoro yenyewe. Wahifadhi hulalamika, na hawakosei: rangi inafifia, na ikishatoka hairudi. Lakini UNESCO ilipoipa Kondoa hadhi ile, imani na matambiko yanayoendelea yalikuwa sehemu ya sababu. Kwa maoni yangu, kumfukuza mzee wa tambiko ili kuiokoa picha ni dhuluma, tena ni kuupunguza urithi uleule tunaodai kuulinda. Wapo waharibifu wa kweli wa kushughulikiwa kwanza: wanaochimba sakafu ya mapango wakitafuta dhahabu wanayoamini ilifichwa na Wajerumani, na wanaoandika majina yao ukutani.

Basi msomaji, ukienda, pitia kwanza ofisi iliyoko Kolo, ulipe kiingilio na upewe mwongozaji. Usiimwagie michoro maji ili ing'ae kwenye picha. Na ukikuta wazee wako kwenye tambiko, subiri chini ya kilima mpaka wamalize.

Juma lijalo: Usandawe.