Usanisi Bila Seli: Utengenezaji wa Protini Changamani na Nafasi Yake katika Utafiti wa Malaria

1.0 Utangulizi

Kila seli hai hutengeneza protini kwa matumizi yake yenyewe. Jeni huhifadhi maelekezo, RNA mjumbe huyachukua hadi kwenye ribosomu, na ribosomu huunganisha asidi amino moja baada ya nyingine hadi mnyororo ukamilike. Je, kazi hiyo yaweza kufanyika pale ambapo seli yenyewe haipo tena?

Jibu la wazi lilipatikana mwaka 1961 huko Bethesda, Marekani. Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei walizisaga seli za bakteria, wakachukua utomvu wake na kuutia RNA iliyoundwa maabarani. Utomvu huo ulitoa mnyororo wa asidi amino ya aina moja tu, fenilalanini. Hivyo ndivyo neno la kwanza la msimbo wa jeni lilivyosomwa.

Kuhusu istilahi, yafaa kusema usanisi bila seli badala ya usanisi nje ya seli. Neno usanisi limekwisha kuzoeleka kupitia usanisinuru. Lakini nje ya seli humfanya msomaji adhani kuwa seli ipo, na kwamba protini imetolewa nje yake. Hapa seli imevunjwa, na vilivyobaki ni vitendea kazi vyake tu.

2.0 Haja ya utomvu wa yukarioti

Yukarioti ni viumbe ambavyo seli zake zina kiini: mimea, wanyama, kuvu, na hata vimelea vya malaria. Protini zao nyingi ni changamani, na bakteria hushindwa kuzitengeneza ipasavyo kwa sababu kuu mbili.

Kwanza, ni suala la kukunjwa. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Mnyororo wa protini nao huanza kujikunja ungali unatoka kwenye ribosomu. Ribosomu za bakteria huenda kasi, na mnyororo mrefu wenye sehemu kadhaa mara nyingi husongamana ukawa bonge lisilofaa. Ribosomu za yukarioti huenda polepole zaidi, kila sehemu ikapata nafasi ya kujikunja kabla ya ile inayofuata.

Pili, protini nyingi huhitaji kupenyezwa katika utando au kuambatishwa sukari. Mwaka 1975 Günter Blobel na Bernhard Dobberstein walitia vifuko vidogo vya tando kutoka kongosho la mbwa katika utomvu wa seli za yukarioti. Protini iliyokusudiwa kutolewa nje ya seli iliingia ndani ya vifuko hivyo, na kipande chake cha mwanzo, kinachofanya kazi kama anwani, kikakatwa. Bila vifuko, kipande hicho kilibaki. Siku hizi utomvu wa seli za wadudu, au za panya aina ya hamster, huandaliwa kwa namna ambayo vifuko vyake vyenyewe husalimika, na ndani yake sukari huambatishwa.

3.0 Ngano na kimelea cha malaria

Utomvu wa kiinitete cha ngano ulitumika tangu miaka ya 1970, ila ulichoka upesi. Mwaka 2000 Yaeta Endo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ehime, Japani, walionyesha chanzo chake: mabaki ya sehemu ya punje inayotoa unga yana kimeng'enya kinacholemaza ribosomu. Viinitete vilipooshwa vizuri, utomvu ulifanya kazi kwa muda mrefu zaidi.

Faida yake ilidhihirika katika malaria. Jenomu ya Plasmodium falciparum, iliyochapishwa mwaka 2002, ina zaidi ya jeni 5,000, na takriban asilimia 80 ya herufi zake ni A na T. Bakteria huusoma mwandiko huo kwa shida. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2006, jeni 1,000 za kimelea hicho zilitiwa katika bakteria, na ni 63 tu zilizotoa protini inayoyeyuka. Mwaka 2008 Takafumi Tsuboi na wenzake walitumia utomvu wa ngano kwa jeni 124, na takriban robo tatu zilitoa protini bila mwandiko wake kubadilishwa. Aidha, mwaka 2017 zilichapishwa tafiti zilizopima protini za namna hiyo dhidi ya kingamwili za watu wa Uganda, ili kubaini ni zipi zinazohusiana na kinga.

4.0 Hitimisho

Njia hii ina mipaka. Utomvu ni ghali, na kiasi kinachopatikana ni kidogo kikilinganishwa na matangi ya viwandani. Chanjo za malaria za RTS,S na R21, zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 na 2023, protini zake hutengenezwa katika seli hai za hamira. Hivyo basi, usanisi bila seli haujachukua nafasi ya kiwanda. Kazi yake hutangulia kiwanda: kati ya maelfu ya protini za kimelea, kuonyesha chache zinazostahili kufanywa chanjo. Uteuzi huo ukikosewa, miaka mingi ya majaribio hupotea, na wanaolipa gharama hiyo kwanza ni watoto wa nchi zenye malaria.